Kwa Nini Choki ya Datsun Isikazwe kwa Waya: Jibu kwa Mama Mkulima wa Njombe

Shikamoo mama. Nimelisoma swali lako kwa makini, nami nalieleza tena kwa ufupi ili wasomaji wengine walifuate. Una pikapu ya Datsun 1200 aliyoiacha marehemu mume wako, unayobebea viazi kutoka shambani hadi mjini Njombe. Mwaka jana fundi aliona inakunywa petroli kupita kiasi na kutoa moshi mweusi, akachukua kipande cha waya na kukikaza kibao cha choki kikae wazi daima, akisema kwamba choki ni kifaa cha nchi za theluji na huku kwetu hakina kazi. Tangu hapo matumizi ya petroli yamepungua kweli, lakini kuanzia Mei hadi Agosti gari haliwaki asubuhi mpaka vijana walisukume, au mmoja wao afungue ea klina (kasha la kichujio cha hewa) na kumimina petroli kwenye mdomo wa kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Unauliza choki inafanya nini hasa humo ndani, kama fundi alikuwa sahihi, na kama urudishe ile ya zamani au utafute ya otomatiki.

Kabla ya yote nakuomba jambo moja: umiminaji wa petroli kwa mkono ukome leo. Injini baridi inayokataa kuwaka hurudisha moto juu kupitia kabureta bila kutoa taarifa, na kijana aliyeinama hapo akiwa na chupa ya petroli mkononi anaweza kuungua uso na kifua kwa sekunde moja. Hakuna gunia la viazi linalostahili hatari hiyo. Kuhusu fundi, ninaamini aliona tatizo la kweli. Choki yako haikuwa ikifunguka yote, ndiyo maana gari lilikuwa likitoa moshi. Alichokosea ni kuiondolea injini msaada inaouhitaji alfajiri, badala ya kuhakikisha kwamba msaada huo unaondoka kwa wakati.

Tuanze na petroli yenyewe, kwa kuwa bila kuielewa choki huonekana kama pambo. Petroli ikiwa bado kimiminika haiwaki ndani ya silinda. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa kwa kipimo maalumu, na kipimo ambacho petroli yote na hewa yote huisha pamoja ni kilo moja ya petroli kwa kilo 14.7 za hewa. Kwa ujazo, katika usawa wa bahari, hiyo ni lita moja ya petroli kwa lita zipatazo 9,000 za hewa. Injini iliyokwisha kupata moto huvumilia kupungua au kuzidi kidogo pande zote mbili, kwa sababu humo ndani joto hugeuza karibu kila tone kuwa mvuke. Lakini petroli si kitu cha aina moja. Ni mchanganyiko wa vimiminika vingi, vyepesi vinavyoanza kuchemka kwenye nyuzi joto 35 hivi, na vizito visivyochemka mpaka joto lifikie karibu nyuzi 200. Asubuhi ya Julai, Njombe, kipimajoto kikiwa chini ya nyuzi 10, ni ile sehemu nyepesi peke yake inayogeuka mvuke kwa haraka. Sehemu nyingine yote hubaki matone, hugonga kuta baridi za manifoldi (mabomba yanayopeleka mchanganyiko kwenye silinda), na hutiririka polepole bila manufaa yoyote kwa plagi inayosubiri kuuwasha mvuke kwa cheche.

Kwa hiyo kabureta inaweza kutoa kipimo kilicho sahihi kabisa pale mdomoni mwake, na bado kinachofika kwenye plagi kikawa karibu hewa tupu. Cheche hupiga vizuri, betri ni nzima, stata inazungusha, na gari haliwaki. Dawa ni kupeleka petroli nyingi kiasi kwamba ile sehemu yake nyepesi, ingawa ni ndogo, itoshe yenyewe kuwaka. Katika baridi kali kiasi hicho kinaweza kufika kilo moja ya petroli kwa kilo tatu tu za hewa, yaani karibu mara tano ya kipimo cha kawaida. Ni kipimo ambacho kingeizima injini ya moto mara moja, lakini kwa injini baridi ndicho kinachoiamsha.

Hapo linakuja tatizo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo watu wengi hawalijui, hata baadhi ya mafundi wazuri. Mtu hudhani kwamba kabureta humwaga petroli kwa nguvu ya pampu. Sivyo. Pampu ya petroli hujaza tu bakuli la kabureta, na boya lililomo humo hufunga njia bakuli likishajaa. Kutoka bakulini hadi kwenye koo la kabureta petroli huenda kwa sababu ya tofauti ya msukumo wa hewa. Hewa inayovutwa na pistoni hupita katika sehemu nyembamba ya koo, na kwa kuwa njia imebana, mwendo wake huongezeka na msukumo wake hushuka. Bakuli lina tundu linaloliunganisha na hewa ya kawaida, kwa hiyo msukumo wa kawaida juu ya petroli huisukuma kupitia jeti, yaani tundu dogo lililopimwa, hadi kwenye mrija mdogo uliochomoza katikati ya ule wembamba. Mfumo mzima unategemea mwendo wa hewa. Hewa ikipita kasi, petroli hutoka nyingi, na ikipita taratibu, hutoka chache au haitoki kabisa.

Sasa tazama hali ilivyo unapopiga stata. Injini ikiwa inakwenda barabarani huzunguka mara elfu kadhaa kwa dakika, ilhali stata yenye betri nzuri huizungusha mara 100 hadi 200 tu, na asubuhi ya baridi, oili ikiwa nzito, huwa karibu zaidi na 100. Mvuto katika koo la kabureta, yaani kule kushuka kwa msukumo, haupungui kwa uwiano sawa na mwendo wa hewa. Hupungua kwa mraba wake. Mwendo ukipungua mara kumi, mvuto hupungua mara mia. Kwa maneno mengine, saa ile ambayo injini inahitaji petroli nyingi kuliko wakati mwingine wowote ndiyo saa ambayo kabureta haina uwezo hata wa kutoa ya kawaida. Choki iliwekwa kwa ajili ya pengo hili.

Ukifungua ea klina ya Datsun yako utaona kabureta yenye makoo mawili. Moja ndilo linalofanya kazi wakati wote, na la pili hufunguka tu unapohitaji nguvu nyingi. Juu ya koo la kwanza kuna kibao chembamba cha shaba au chuma kilichoshikwa na mhimili, nacho ndicho choki. Chini kabisa ya koo hilohilo kuna kibao kingine kinachofanana nacho, ambacho huendeshwa na pedali ya mafuta. Mafundi wetu hukiita throtoli. Mrija wa petroli uko katikati ya vibao hivi viwili, na mpangilio huo ndio siri ya kila kitu. Kibao cha juu kikiwa wazi, mvuto dhaifu wa pistoni hutoshelezwa na hewa inayoingia bila kizuizi, na petroli haina sababu ya kutoka. Kibao hicho kikifungwa, pistoni hazina pa kupata hewa ya kutosha, chumba chote kilicho chini ya choki hupungukiwa msukumo, na petroli husukumwa kutoka bakulini hata kama mwendo wa hewa ni mdogo sana. Ni kama mtu anayekunywa kwa mrija huku pembe ya mdomo wake iko wazi: atavuta hewa tu mpaka achoke, lakini akibana midomo kinywaji hupanda hata kwa pumzi ndogo.

Utaona basi kwamba kusema choki «inapunguza hewa» ni kweli, ila ni nusu ya maelezo. Kupunguza hewa peke yake kungeifanya injini ikose pumzi. Kazi kubwa ya kibao kile ni kuufikisha mvuto wa pistoni mpaka kwenye mrija wa petroli, mahali ambapo kwa kawaida, kwa mzunguko wa stata, mvuto huo usingefika.

Kuna sharti moja ili hilo liwezekane. Ikiwa throtoli iliyo chini imefungwa kabisa, mvuto wa pistoni huishia chini yake na haufiki juu kwenye mrija, hata ukifunga choki namna gani. Ndiyo maana katika kabureta kama yako choki na throtoli zimeunganishwa kwa kijiti cha chuma upande wa nje. Ukivuta kitufe cha choki kwenye dashibodi, kijiti hicho huisukuma throtoli ifunguke kidogo sana, kiasi kilichopimwa kiwandani. Faida yake ni mbili: mvuto hupita, na injini ikishawaka huzunguka kwa kasi iliyo juu ya sailensi ya kawaida (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta), ili isizimwe na oili nzito na mchanganyiko usiotulia. Fundi akikaza kibao kwa waya, anaondoa vyote viwili kwa pamoja. Nadhani ndiyo sababu unasema kwamba hata gari likisukumwa na kuwaka, huzima tena na tena mpaka mtu akae amekanyaga mafuta.

Jambo jingine linalopendeza katika kifaa hiki, na ambalo nakiri kwamba huniridhisha kila ninapolitazama, ni kwamba kibao hakikushikwa katikati. Mhimili wake umewekwa pembeni kidogo, upande mmoja wa kibao ukiwa mpana kuliko mwingine, na kati ya waya unaotoka dashibodi na kibao kuna springi laini. Injini ikishapiga mlipuko wa kwanza na kuanza kuzunguka yenyewe, mvuto huwa mkubwa ghafla, na kama kibao kingebaki kimefungwa kabisa, silinda zingejaa petroli na injini ingezima papo hapo. Badala yake, hewa ya nje hukandamiza ule upande mpana, springi hulegea, na kibao hujifungua kiasi bila wewe kugusa kitufe. Kwa hiyo kuvuta choki mpaka mwisho wakati wa kuwasha hakuna ubaya wowote katika gari lako, mradi springi hiyo ni nzima na mhimili hauna kutu. Pakiwa na kutu, kibao hakijifungui, na dereva hudhani kwamba choki ndiyo adui.

Hata hivyo, fundi wako ana haki katika hofu yake ya choki kubaki imefungwa. Petroli iliyozidi haiwaki yote. Hutoka kama moshi mweusi, hupaka masizi meusi makavu kwenye plagi, na sehemu nyingine huteremka kwenye kuta za silinda na kuosha utando wa oili unaozilinda pistoni na ringi. Kisha hupenya hadi kwenye oili ya injini na kuifanya nyepesi kama maji. Chomoa kijiti cha kupimia oili, ukinuse: kama kina harufu kali ya petroli, au kama kiwango cha oili kimepanda bila mtu kuongeza, basi ibadilishe oili hiyo kabla ya kuendelea na kazi. Zaidi ya hayo, mchanganyiko uliozidi petroli hutoa kwa wingi monoksidi ya kaboni, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Gari lililovutwa choki lisiachwe likiunguruma ndani ya banda lililofungwa, hata kwa dakika chache, na hasa kama banda hilo limepakana na chumba cha kulala.

Ninavyoona, kilichotokea kwako ni hiki. Waya unaotoka dashibodi hadi kwenye kabureta ulikuwa umeingia vumbi na kutu, ukawa mgumu. Ulipokuwa ukirudisha kitufe ndani, kitufe kilirudi lakini kibao kilibaki kimelala robo au nusu, na gari likatembea kutwa nzima na choki ambayo hakuna aliyejua ipo. Hilo hutokea sana kwenye pikapu zinazofanya kazi katika vumbi jekundu la nyanda za juu. Fundi alikiona kibao kimelala, akakisimamisha, moshi ukaisha, na akahitimisha kwamba choki haihitajiki. Kama alijifunzia kazi Dar es Salaam au Tanga, simlaumu, kwa sababu kule hata alfajiri ya Julai joto ni karibu nyuzi 20, na gari lililotunzwa huwaka kwa choki kidogo au bila choki kabisa ukikanyaga mafuta mara moja au mbili. Njombe si Tanga. Uamuzi unaofaa pwani hauwezi kupandishwa mlimani bila kufikiriwa upya.

Kuna kosa jingine ambalo mara nyingi huambatana na hilo, nami nakuomba umuulize fundi wako waziwazi: je, thamostati ya injini ipo, au iliondolewa? Mafundi wengi huiondoa gari linapochemsha, na wachache hukumbuka kuirudisha baada ya rediata kuzibuliwa. Thamostati ya kawaida ya injini hii hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na kabla ya hapo huyazuia maji yasiende kwenye rediata ili injini ipate moto haraka. Bila thamostati, katika baridi ya kwenu, injini inaweza kutembea kilomita kumi bila kufikia joto lake. Muda wote huo petroli huendelea kubaki matone kwenye kuta, gari hukohoa ukisukuma choki ndani, nawe hulazimika kuiacha nje. Watu wa namna hii hulalamikia kabureta miaka na miaka, na kosa liko kwenye kifaa kidogo kinachokaa kwenye injini, chini ya kifuniko kinachoungwa na mpira wa juu wa rediata.

Sasa ukaguzi. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, fundi afungue nati ya juu ya ea klina, aondoe kifuniko pamoja na kichujio, na kuutoa ule waya alioukaza. Wewe ukae ndani uvute na kusukuma kitufe taratibu. Kitufe kikiwa nje kabisa, kibao kifunge koo lote bila mwanya unaoonekana. Kikiwa ndani kabisa, kibao kisimame wima kabisa, na waya uwe na ulegevu wa milimita moja au mbili, ili tuwe na hakika kwamba ni kibao kilichofika mwisho na si kitufe kilichogota kwanza. Kisha, kitufe kikiwa nje, fundi akisukume kibao kwa kidole: kikubali kufunguka na kirudi chenyewe kwa springi. Akague pia kama throtoli inasogea kidogo choki inapovutwa. Mhimili ukiwa mgumu, usafishwe kwa dawa ya kusafishia kabureta huku ukichezeshwa, na usipakwe grisi wala oili nzito, kwa kuwa hivyo hukamata vumbi na baada ya wiki chache hugeuka kuwa tope linalokwamisha zaidi. Kama mhimili umelika na kibao kinacheza, bado gari litawaka, ila marekebisho hayatadumu.

Baada ya hapo, kuwasha gari asubuhi kufuate utaratibu huu. Vuta choki mpaka mwisho. Katika baridi kali, kanyaga mafuta mara moja na kuachia, ili ile pampu ndogo ya ndani ya kabureta irushe petroli kidogo, kisha ondoa mguu kabisa. Piga stata kwa muda usiozidi sekunde kumi. Ukikanyaga mafuta wakati stata inazunguka, unafungua throtoli kupita kipimo na kuongeza petroli ambayo huenda isihitajike, na hapo ndipo plagi hulowa. Injini ikishika, sukuma kitufe ndani hadi karibu nusu mara tu mlio unapotulia, subiri nusu dakika hivi, halafu ondoka kwa mwendo wa taratibu. Kusimama dakika kumi ukisubiri injini ipate moto hakuna faida, kwa kuwa injini isiyobeba kazi hupata moto polepole na huendelea kujioshea silinda kwa petroli. Endelea kusukuma kitufe kidogo kidogo, na ndani ya kilomita mbili au tatu, au mara tu mshale wa joto unapoanza kuinuka, choki iwe ndani yote. Kipimo cha kuaminika ni mguu wako: kama ukikanyaga mafuta gari linasita na kukohoa, bado linaidai choki kidogo, na kama mlio umekuwa mzito na linavuta kwa uvivu, limeshaichoka. Baadhi ya magari ya zama hizo, kama Land Rover za mfululizo wa pili, yaliwekewa taa ya kumkumbusha dereva kwamba injini imepata moto na choki bado iko nje. Kwa Datsun yako, kumbuka mwenyewe, na kama kuna madereva wawili au watatu wanaoliendesha, kila mmoja aelekezwe.

Mwinuko wa Njombe unaleta tofauti nyingine. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa kiasi cha asilimia 18 hivi ikilinganishwa na ya pwani. Kabureta haijui hilo. Jeti zilizopimwa kwa ajili ya nchi tambarare hutoa mchanganyiko uliozidi petroli kwa karibu asilimia kumi, hata choki ikiwa wazi kabisa. Hii ina maana kwamba kwenu choki inahitajika kwa sababu ya baridi, lakini iondolewe mapema kuliko vile dereva wa mahali pa baridi palipo chini angefanya, na kosa la kuisahau nje huumiza zaidi. Ikiwa baada ya kuirekebisha choki bado plagi zinatoka nyeusi, mwambie fundi afikirie jeti kuu yenye namba ndogo kidogo, kabla hajaanza kuchezea kila skrubu anayoiona.

Siku injini ikilowa petroli, nayo italowa siku moja, usiendelee kuvuta choki. Isukume ndani yote, kanyaga mafuta mpaka chini na kushikilia hapo bila kupampu, kisha piga stata. Vibao vyote viwili vikiwa wazi, hewa nyingi hupita na kukausha silinda, na kwa kawaida injini hushika baada ya mizunguko michache. Vivyo hivyo kwa gari la moto lililosimama juani sokoni: choki haihusiki kabisa, kwa sababu hapo petroli imechemka ndani ya kabureta na tayari imezidi.

Umeuliza kuhusu choki ya otomatiki. Kanuni yake ni ileile, ila badala ya mkono wako kuna koili ya metali mbili zilizounganishwa, ambazo hutanuka kwa viwango tofauti zinapopata joto, na hivyo koili hujikunja au kujikunjua na kukisogeza kibao. Koili hiyo hupashwa moto na maji ya injini, na joto la ekzosi, au umeme, kama ilivyo kwenye Volkswagen Beetle nyingi, ambazo kabla ya kuwashwa hutaka mafuta yakanyagwe mara moja ili kibao kiachiwe kijifunge. Ikiwa nzima, ni starehe kubwa. Ikiharibika, dereva hana la kufanya akiwa njiani, na vipuri vyake havipatikani kila duka. Kuichomeka kwenye kabureta ambayo haikuumbwa nayo ni kazi ya kuunga-unga ambayo mimi singeifanya kwenye gari la kazi. Choki ya mkono ina sehemu chache, zote zinaonekana kwa macho, na zote zinatengenezeka Njombe.

Kama baada ya haya yote gari bado ni gumu asubuhi, choki isilaumiwe tena peke yake. Fundi apime betri na cheche, aangalie ngozi ya ile pampu ndogo ya kabureta, na atafute mahali ambapo manifoldi inavuta hewa kwenye gasketi, kwa kuwa hewa inayopenya chini ya kabureta huharibu kazi yote ambayo choki inajaribu kuifanya hapo juu.

La mwisho ni waya mpya, maana huenda wa zamani haufai tena. Vijana wa gereji watapendekeza waya wa klachi ya pikipiki, kwa sababu ni rahisi na unapatikana kila kona. Usikubali. Waya wa klachi umesokotwa kwa nyuzi nyingi nyembamba, una nguvu ya kuvuta lakini hauna nguvu ya kusukuma, na choki hii hufunguliwa kwa kusukumwa. Ukiufunga huo, kitufe kitarudi ndani vizuri na kibao kitabaki kimelala, yaani utarudia ugonjwa uleule uliomfanya fundi achukue kipande cha waya mwaka jana. Tafuta waya wa choki wenye uzi mmoja mnene, mgumu, ndani ya ala yake, upitishwe bila kona kali kutoka dashibodi hadi kwenye kabureta, na ala yake ikazwe kwenye kibanio cha kabureta yenyewe, si kuachwa ikining'inia.